Uzi maalumu: Kulinganisha matoleo ya diski ya filamu kongwe za zombi, na kwa nini tuulize kwanza picha ilitoka kwenye mkanda upi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila mara mtu anapouliza humu anunue toleo lipi la Night of the Living Dead au Dawn of the Dead, jibu linalokuja haraka ni kwamba achukue lile lililoandikwa 4K, yaani lenye picha ya vidoti vingi zaidi, kisha mjadala unafungwa. Nimelinganisha matoleo ya filamu hizi kwa miaka mingi, nikiazima, nikinunua na kubadilishana na marafiki, na nina hakika kwamba namba iliyo kwenye jalada haimwambii mnunuzi jambo analohitaji kulijua. Swali la kwanza ni hili: diski hii ilitengenezwa kutokana na mkanda upi? Kuna negativu iliyokuwa ndani ya kamera siku ya kupiga picha, kuna nakala za kati zilizotokana na hiyo negativu, kuna nakala zilizosambazwa kwenye majumba ya sinema, na mwisho kabisa kuna nakala ndogo za milimita 16 zilizokatwakatwa kwa ajili ya vituo vya televisheni. Kila hatua inapoteza kitu, na kilichopotea hakirudishwi na mashine yoyote, hata kama jalada litaandikwa namba kubwa kiasi gani.

Nianze na Night of the Living Dead ya mwaka 1968, kwa sababu hakuna filamu iliyoteswa na soko la video kama hiyo.

Mara ya kwanza niliiona kwenye kibanda umiza nikiwa mvulana, ikichezwa kutoka kwenye kanda iliyokuwa imenakiliwa mara nyingi, mtafsiri akipaza sauti juu ya mazungumzo. Nilitoka nikiamini kwamba filamu ile ilipigwa gizani kwa makusudi, kwamba nyuso hazikupaswa kuonekana, na kwamba wale wafu walikuwa vivuli tu vinavyosogea kwenye nyasi. Nilikaa na imani hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kumbe mwongozaji George A. Romero na wenzake walipiga filamu ile kwa mkanda wa milimita 35, nyeusi na nyeupe, karibu na mji mdogo wa Evans City katika jimbo la Pennsylvania, na taa zilipangwa kwa uangalifu mkubwa kuliko bajeti yao ya takriban dola 114,000 inavyoweza kumfanya mtu afikirie.

Chanzo cha mateso yale ni jambo la kisheria. Filamu iliitwa kwanza Night of the Flesh Eaters, na tangazo la haki miliki liliwekwa kwenye kadi ya jina. Msambazaji, kampuni ya Walter Reade, alipobadilisha jina, kadi mpya ilitengenezwa bila tangazo lile, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo kazi iliyosambazwa bila tangazo ilipoteza ulinzi wake. Tangu hapo mtu yeyote mwenye nakala mkononi aliweza kuitoa kwenye kanda au DVD bila kumlipa mtu. Wengi walichukua nakala yoyote waliyoipata, mara nyingi ya milimita 16 iliyochakaa, wakaipitisha kwenye mashine duni na kuipachika jalada la kuvutia. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na DVD tano za filamu hii na asiwe ameiona hata mara moja. Kwenye nakala za namna hiyo weusi wote umegeuka kuwa bonge moja la giza, na weupe umeungua: uso wa Barbra, mhusika mkuu wa kike, pale makaburini ni doa tu lisilo na pua wala mdomo.

Katikati ya utitiri huo walikuwapo waliojitahidi. Kampuni ya Elite Entertainment ilitoa diski ya leza mwaka 1994 iliyotengenezwa kwa ushirikiano na watengenezaji wenyewe wa filamu, na baadaye DVD, na kwa muda mrefu hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha wengine wote. Mimi mwenyewe nilipoipata DVD hiyo nilidhani safari imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mwaka 2016 jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, pamoja na taasisi ya The Film Foundation, walikamilisha ukarabati uliotokana na negativu halisi ya kamera, ukasimamiwa na Romero mwenyewe pamoja na wenzake John Russo, Russell Streiner na Gary Streiner. Kazi hiyo ndiyo iliyotolewa na kampuni ya Criterion kwenye Blu-ray mwezi Februari 2018, miezi michache tu baada ya Romero kufariki Julai 2017, kisha ikatolewa tena kwenye diski ya 4K mwaka 2022.

Nieleze tofauti kwa mfano mmoja ninaouthamini kuliko yote. Mwishoni mwa filamu, baada ya lile tukio ambalo sitalitaja kwa heshima ya wasioiona, hadithi inaendelea kwa picha mgando zenye chembechembe nzito kama zilizochapwa gazetini. Kwenye nakala mbovu picha hizo hazina athari yoyote, kwa sababu filamu nzima ilikuwa chafu vilevile tangu mwanzo, na jicho halioni kwamba kuna kilichobadilika. Kwenye diski ya Criterion umekaa saa moja na nusu ukiangalia picha safi, ngozi ya mwigizaji mkuu Duane Jones ikionekana hadi jasho, mbao za nyumba zikionekana hadi nyufa zake, kisha ghafla unahamishwa kwenda kwenye ukavu wa picha ya gazeti. Mtu ambaye umeishi naye usiku mzima anageuzwa kuwa habari ya ukurasa wa ndani. Niliposhuhudia hilo kwa mara ya kwanza nilizima runinga na kukaa kimya muda mrefu. Uamuzi huo wa msanii ulikuwepo tangu mwaka 1968, na mamilioni ya watu hawakuuona kwa sababu ya nakala duni.

Diski hiyo ina pia toleo la awali la kazi, lililokuwa bado likiitwa Night of Anubis, na wapenzi wa historia ya filamu watapata mengi humo. Kuhusu sauti, imebaki ya mkondo mmoja kama ilivyorekodiwa, na huo ni uamuzi sahihi. Ule muziki ulichukuliwa kutoka maktaba ya Capitol na haukutungwa kwa ajili ya filamu hii. Kuutawanya kwenye spika tano hakuongezi kitu.

Sasa twende kwenye Dawn of the Dead ya mwaka 1978, ambako tatizo ni tofauti kabisa. Hapa mnunuzi anatakiwa kujua ni filamu ipi kati ya tatu iliyomo ndani ya kasha. Romero alihariri haraka toleo refu la dakika 139 kwa ajili ya tamasha la filamu la Cannes, kisha akalipunguza na kulikamilisha kuwa la dakika 127, ambalo ndilo lililoonyeshwa Marekani. Dario Argento wa Italia, aliyechangia fedha za utengenezaji, alikuwa na haki ya kuihariri upya kwa ajili ya nchi zisizozungumza Kiingereza, na toleo lake, linaloitwa Zombi, lina takriban dakika 119. Si suala la urefu tu. Argento ameondoa sehemu kubwa ya vichekesho na kuijaza muziki wa kundi la Goblin, hivyo filamu inakimbia kama ya mapigano. Romero alichanganya Goblin na muziki wa maktaba, ule wa madukani usio na uhai, na kwa hiyo duka kubwa la Monroeville, ambamo sehemu kubwa ya filamu inatendeka, linakuwa mahali pa huzuni na kejeli kwa wakati mmoja. Mimi ninasimama na toleo la dakika 127. Lile la Cannes ninalitazama kama mtu anayesoma rasimu ya mwandishi anayempenda: kuna vipande vizuri, lakini unaona kwamba mwandishi alikuwa bado anatafuta mwendo.

Kwa muda mrefu sanduku la kampuni ya Anchor Bay la mwaka 2004, lenye DVD nne, ndilo lililokuwa na matoleo yote matatu, na nalistahi hadi leo. Blu-ray ya kampuni hiyohiyo ya mwaka 2007 ilikuwa na toleo la dakika 127 pekee. Kisha mwaka 2020 kampuni ya Second Sight ya Uingereza ikatoa sanduku la 4K ambalo kwa maoni yangu limemaliza ubishi. Nalipenda hasa kwa uwazi wake. Toleo la dakika 127 limeskaniwa kutoka kwenye negativu ya kamera. Toleo la Cannes limeunganishwa kutokana na negativu hiyo pamoja na nakala ya kati kwa vile vipande vya ziada. Toleo la Argento limetoka kwenye nakala chanya ya kati. Wameyasema haya wenyewe, na macho yanathibitisha: ukiweka tukio moja la matoleo yote matatu sambamba, lile la Argento lina ulaini fulani na rangi zinazotofautiana kidogo, na hilo halitokani na uzembe bali na mkanda uliokuwapo.

Rangi zilisimamiwa na Michael Gornick, aliyekuwa mpiga picha wa filamu hii, na hapa naomba niwe mkali kidogo. Wapo wanaolalamika kwamba damu kwenye diski hii inafanana na rangi ya ukutani. Inapaswa kufanana hivyo. Damu aliyoitumia Tom Savini, msanii wa vipodozi na madoido ya filamu hii, ilikuwa nyekundu angavu isiyo ya kawaida. Yeye mwenyewe hakuipenda, lakini Romero aliona inaendana na hali ya katuni aliyokuwa akiitafuta. Toleo linaloitia damu hiyo giza ili ionekane ya kweli linasahihisha kitu ambacho mwongozaji alikiridhia. Vivyo hivyo nyuso za wafu, ambazo zilipakwa kijivu na kwenye mkanda mara nyingine zinaelekea bluu. Ziachwe.

Nigusie kwa ufupi Zombi 2 ya Lucio Fulci ya mwaka 1979, iliyopewa jina hilo ili kufuata nyayo za lile toleo la Argento. Hiyo ilipigwa kwa mfumo wa Techniscope, ambao hutumia nusu tu ya nafasi ya kawaida ya kila picha kwenye mkanda, na kwa hiyo chembechembe zake ni kubwa kwa asili. Blu-ray ya kampuni ya Blue Underground ya mwaka 2011 haikuzishughulikia vizuri. Nyingi zilionekana kama chenga za mashine na si chembechembe za filamu. Kazi yao mpya iliyotolewa mwaka 2018, na kwenye diski ya 4K mwaka 2020, ilirudi kwenye negativu na kuanza upya. Tazameni tukio la papa chini ya maji kwenye matoleo yote mawili na mtaona ninachokisema: maji ya toleo jipya yana kina.

Naomba kuwasilisha, na karibuni kwa maswali.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Ahsante sana mkuu kwa uzi huu wenye maelezo ya kina. Umesema toleo la Romero ni dakika 127 na la Argento ni kama 119. Mimi nina DVD ya zamani kutoka Uingereza na deki inaonyesha dakika 122. Je, ni toleo la nne, au nimeuziwa iliyokatwa?

MLETA UZI:
Mkuu, swali lako limewachanganya watu wengi, na kwa bahati njema jibu lake ni la hesabu tupu. Filamu ya sinema hukimbia kwa picha 24 kila sekunde. Mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika Uingereza na hata kwetu Afrika Mashariki, ulihitaji picha 25 kila sekunde, na njia rahisi iliyotumika ni kuikimbiza filamu nzima kwa kasi zaidi kwa asilimia nne. Gawanya 127 kwa 1.04 utapata 122. DVD yako inaelekea kuwa toleo kamili la Romero linalokwenda mbio kidogo, ilmradi haikupitia mkasi wa wakaguzi. Ili uhakikishe bila kuhesabu dakika, sikiliza muziki: ukisikia ule muziki wa dukani wenye mdundo wa kuchekesha wakati wafu wanapozurura kwenye ngazi za umeme, uko na Romero. Jambo jingine ni kwamba kasi hiyo inapandisha sauti za watu, zinakuwa nyembamba kuliko zilivyorekodiwa, na waliokulia kwenye kanda za PAL wanaposikia diski za Blu-ray au 4K kwa mara ya kwanza hudhani waigizaji wamebadilishwa. Diski hizo mpya zinakimbia kwa picha 24, na hiyo ndiyo kasi halali.

MCHANGIAJI WA PILI:
Salaam kutoka Mombasa. Nakubaliana na mengi uliyoyaandika, ila nina hoja. Mimi chembechembe zinaniumiza macho. Runinga yangu ni kubwa, na picha iliyosafishwa ikawa laini inanipendeza zaidi. Kwani ni kosa kuzisafisha? Pia, je, zile filamu za kale zaidi, za kabla ya Romero, zina toleo zuri?

MLETA UZI:
Ndugu yangu, nitayajibu yote mawili kwa filamu moja, White Zombie ya mwaka 1932, ya ndugu wawili Halperin, aliyoigiza Bela Lugosi. Kwa msomaji wa Kiswahili filamu hii ina uzito wa pekee, kwa sababu zombi wake si mla nyama. Ni msukule hasa: mtu aliyechukuliwa kwa uchawi na kufanyishwa kazi usiku kucha kwenye kiwanda cha sukari huko Haiti, bila hisia wala neno. Bibi yangu angeielewa filamu hiyo bila mtafsiri.

Mwaka 2013 kampuni ya Kino ilitoa Blu-ray ya filamu hii iliyofanya jambo la busara: ndani ya diski moja waliweka nakala iliyosafishwa kwa kompyuta na nakala ghafi isiyoguswa. Ninakuomba, ukipata nafasi, uyaweke macho ya Lugosi sambamba. Kwenye ile iliyosafishwa mikwaruzo imeondoka kweli, lakini ngozi imekuwa kama nta, ukungu wa makaburini umegandamana, na nyuzi za nguo zimepotea. Kwenye ile ghafi kuna mikwaruzo, kuna vumbi, na kuna mtu aliye hai anayekutazama. Chembechembe ndizo picha yenyewe. Mkanda wa filamu hauna kitu kingine kinachobeba umbo la uso. Kompyuta inapoziondoa kwa nguvu, inaondoka na uso. Mikwaruzo ni jambo jingine, hiyo ni uchafu ulioingia baadaye na kuiondoa ni halali.

Kuhusu runinga yako, kabla ya kulaumu mkanda nenda kwenye mipangilio, chagua hali ya filamu, zima kinacholainisha mwendo na punguza kinachoongeza ukali hadi karibu na sifuri. Runinga nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa ukali wa kupindukia, na huo ndio unaozifanya chembechembe ziwe kama mchanga machoni.

Pia kuna I Walked with a Zombie ya mwaka 1943, ya mtayarishaji Val Lewton na mwongozaji Jacques Tourneur. Kwa karibu miaka ishirini tuliitegemea DVD ya Warner ya mwaka 2005, hadi Criterion walipoitoa kwenye 4K mwaka 2024. Ile safari ya usiku kupitia shamba la miwa, upepo ukivuma, sasa unaweza kuhesabu majani.

MCHANGIAJI WA TATU:
Mkuu, vipi matoleo ya rangi ya Night of the Living Dead? Watoto wangu hawakubali kutazama filamu nyeusi na nyeupe. Na pia tusaidie: diski hizi za Marekani na Uingereza zitacheza kwenye deki zetu?

MLETA UZI:
Ya rangi yapo. La mwaka 1986 la Hal Roach lilipaka wafu rangi ya kijani, na la Legend Films la mwaka 2004 lilifanywa kwa teknolojia bora zaidi. Sikushauri lolote kati ya hayo. Taa za filamu ile zilipangwa kwa ajili ya weusi na weupe. Ukitia rangi unaua vivuli vilivyokuwa vinafanya kazi ya kutisha. Lakini lipo moja baya zaidi, nalo ni lile la maadhimisho ya miaka 30, ambalo John Russo aliliongezea matukio mapya na muziki mpya bila Romero kushiriki. Ukikuta kasha lililoandikwa maadhimisho ya miaka 30, lirudishe rafuni. Watoto waanzishie tukio la makaburini usiku, taa zimezimwa, kwa diski nzuri. Wangu walilalamika kwa dakika tano, kisha hakuna aliyezungumza tena.

Kuhusu deki: diski za 4K hazina msimbo wa eneo, yaani kufuli linalozuia diski kuchezwa nje ya sehemu fulani ya dunia, kwa hiyo iwe ya Marekani au Uingereza itacheza kwenye deki yoyote ya 4K. Blu-ray ndizo za kuangalia. Afrika yote iko eneo B pamoja na Ulaya, wakati Marekani iko eneo A. Maana yake Blu-ray ya Uingereza ni salama kwetu, lakini Blu-ray ya Criterion iliyotoka Marekani itagoma kwenye deki iliyofungwa eneo B. Ukinunua lile kasha la Criterion la mwaka 2022, diski ya 4K itacheza, na zile mbili za Blu-ray zenye nyongeza huenda zikagoma; ulizia kwanza kama deki yako imefunguliwa. DVD nazo zina mgawanyo wake, Afrika Mashariki ikiwa eneo la 5, Uingereza la 2 na Marekani la 1, ila deki za DVD zinazofunguliwa kwa maeneo yote ni rahisi kuzipata.

Kama una nafasi ya kununua moja tu mwaka huu na una deki ya 4K, chukua Night of the Living Dead ya Criterion. Kama una deki ya kawaida ya Blu-ray ya eneo B, anza na Dawn of the Dead ya Second Sight, kwani waliitoa kwa Blu-ray pia. Wiki ijayo nitaleta ulinganisho wa Day of the Dead ya mwaka 1985, ile iliyopigwa ndani ya mgodi wa Wampum. Nimeshazipata diski mbili na ninasubiri ya tatu kutoka kwa rafiki aliyeko Muscat.